Kuuza leo, kupeleka Korogwe au kuweka: jedwali la uamuzi kwa mwenye mahindi

KILA mwaka mahindi ya masika yanapokauka, mkulima wa Mashewa, wilayani Korogwe, hukutana na swali ambalo orodha ya bei peke yake haiwezi kulijibu: auze sasa, apeleke mjini, au aweke? Orodha ya bei humweleza gunia lilikuwa na thamani gani juzi katika soko fulani. Haimwelezi afanye nini yeye mwenye deni la kulipa kabla ya mwisho wa mwezi, mwenye dari lililoingiliwa na wadudu mwaka jana, na mwenye mtoto anayeanza Kidato cha Kwanza mwezi Januari.

Somo la wiki hii linahusu jedwali la uamuzi. Ni karatasi moja yenye mistari, ambayo juu yake huandikwa njia zilizopo na pembeni huandikwa mambo ya kuzipimia. Halihitaji mashine wala elimu kubwa. Anayejua kuzidisha na kujumlisha anaweza kulimaliza kabla chai haijapoa.

Mfano unaotumika hapa ni wa kaya ya kubuni. Bei zote zilizomo ni za kufundishia na si bei za soko za wiki hii. Mwenye kutaka kulitumia jedwali hili aondoe namba hizo na kuweka zake.

UAMUZI ULIPOMRUDIA MKULIMA

Kwa miaka mingi mkulima wa Tanzania hakuwa na la kuchagua. Bei ya mahindi ilitangazwa na Serikali, na mnunuzi halali alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) kupitia vyama vya ushirika au vijiji. Kusafirisha nafaka kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali lilikuwa kosa. Masharti hayo yalianza kulegezwa mwaka 1984, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfanyabiashara binafsi alikuwa huru kununua mahindi popote.

Uhuru huo ulileta wanunuzi wengi, lakini ulimletea mkulima pia kazi mpya. Kuchagua siku ya kuuza, mahali pa kuuzia na mtu wa kumwuzia sasa ni kazi yake mwenyewe, na akikosea hasara ni yake. Wengi huifanya kazi hiyo wakiwa wamesimama kando ya barabara, injini ya lori ikinguruma, na mchuuzi akisema, "Mzee, bei ndiyo hiyo. Lori likiondoka leo halirudi wiki hii." Uamuzi wa jasho la miezi mitano hutolewa kwa dakika tano.

Kutumia karatasi kupunguza haraka ya namna hiyo si jambo geni duniani. Tarehe 19 Septemba 1772, Mmarekani Benjamin Franklin, akiwa London, alimwandikia barua rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa akijiuliza kama akubali kazi mpya aliyoahidiwa. Franklin hakumshauri akubali au akatae. Alimweleza namna ya kuamua: agawe karatasi kwa mstari, upande mmoja aandike yanayounga mkono na upande wa pili yanayopinga, afanye hivyo kwa siku tatu au nne, kisha afute yale yanayolingana uzito na kutazama upande gani umebakiwa na kitu. Jedwali la uamuzi ni mtoto wa karatasi hiyo. Tofauti ni kwamba uzito hauachwi kichwani, bali huandikwa kwa namba.

HATUA YA KWANZA: MASHARTI YASIYOPIMWA

Kaya ya mfano imevuna magunia 20 ya kilo 100 kila moja. Ina watu sita. Ina deni la sh. 300,000 la mbegu, mbolea na kulimiwa kwa trekta, ambalo lazima lilipwe kabla ya tarehe 31 Agosti. Januari itahitaji fedha za mtoto anayekwenda sekondari. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, lakini sare, madaftari, na godoro kwa anayelala bwenini bado ni mzigo wa mzazi.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuchanganya masharti na vigezo. Sharti ni jambo ambalo lisipotimia njia yote imekufa. Kigezo ni jambo ambalo njia moja hulitimiza vizuri zaidi kuliko nyingine. Sharti halipewi alama. Linatumika kama chekeche: njia inayopita inaingia jedwalini, isiyopita inabaki nje.

Kaya hii ina masharti mawili. La kwanza ni chakula. Watu sita wakila mahindi kiasi cha gramu 400 kila mmoja kwa siku watatumia karibu kilo 430 kwa miezi sita, yaani hadi mavuno ya vuli yatakapoanza kuingia Januari na Februari. Magunia matano yanatengwa, na kilichozidi ni kwa ajili ya wageni na mbegu. Hayo hayaingii katika mjadala wowote wa soko. Yanabaki magunia 15.

Sharti la pili ni sh. 300,000 mkononi kabla ya Agosti kwisha.

HATUA YA PILI: NJIA ZOTE ZIANDIKWE

Kwa kawaida mkulima wa Mashewa huona njia tatu.

Ya kwanza ni kuuza yote nyumbani mwezi Agosti kwa mchuuzi anayefuata mzigo kijijini. Ya pili ni kukodi gari na kupeleka yote Korogwe, kwa barabara inayopitia Magoma, na kuuza Manundu. Ya tatu ni kuweka yote hadi Desemba na kuuza wakati mahindi yamepungua vijijini na ya vuli hayajakomaa.

Njia ya tatu inanaswa na chekeche papo hapo. Ingawa ndiyo inayotoa fedha nyingi zaidi kwa hesabu za karatasi, haitoi hata shilingi moja Agosti. Mwenye deni akiichagua atalazimika kukopa kwa riba au kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Inafutwa.

Hapa ndipo karatasi inapoanza kulipa gharama yake. Njia iliyofutwa ikitazamwa vizuri huonekana kwamba kilichoiua si kuweka, bali kuweka yote. Hivyo inazaliwa njia ya nne: kuuza magunia sita Korogwe ili kulipa deni, na kuweka tisa hadi Desemba. Watu wengi hupima njia mbili zilizo mbele yao kwa uangalifu mkubwa na kusahau kwamba iliyo bora haijaandikwa. Kabla ya kuanza kutoa alama, mwenye jedwali ajiulize: je, mzigo huu hauwezi kugawanywa?

HATUA YA TATU: HESABU YA KILO, SI YA GUNIA

Bei za mfano ni hizi. Mchuuzi anatoa sh. 50,000 kwa gunia la kilo 100 kijijini. Korogwe gunia ni sh. 62,000, lakini kila gunia linagharimu sh. 5,000 za gari, sh. 1,000 za kupakia na kupakua na sh. 1,000 za ushuru na mengineyo. Mwenye mzigo anatumia sh. 15,000 kwa nauli na chakula chake. Desemba bei ya kijijini inatarajiwa kuwa sh. 76,000. Kuweka kunahitaji mifuko isiyopitisha hewa kwa sh. 5,000 kwa gunia, na kunakadiriwa kupoteza nusu gunia katika kila magunia 15.

Hesabu zinatoka hivi:

Kuuza yote kijijini: magunia 15 kwa sh. 50,000 ni sh. 750,000.

Kupeleka yote Korogwe: magunia 15 kwa sh. 55,000 baada ya gharama ni sh. 825,000. Zikitolewa sh. 15,000 za nauli na chakula, zinabaki sh. 810,000.

Kugawanya: magunia sita Korogwe kwa sh. 55,000 ni sh. 330,000, kutoa sh. 15,000, zinabaki sh. 315,000. Deni linalipika. Magunia tisa yaliyowekwa yatakuwa 8.7 baada ya upotevu. Kwa sh. 76,000 ni sh. 661,200, kutoa sh. 45,000 za mifuko, zinabaki sh. 616,200. Jumla ni sh. 931,200.

Hesabu ya kwanza ina mtego. Imechukulia kwamba gunia la mchuuzi ni la kilo 100. Likiwa ni lumbesa, lililoshonewa kilemba na kubeba kilo 120, bei ya sh. 50,000 inakuwa sawa na sh. 417 kwa kilo badala ya sh. 500. Kilo 1,500 za mkulima zitajaza magunia 12 na nusu tu, na malipo yatakuwa sh. 625,000. Sh. 125,000 zimepotea bila bei kubadilika hata kidogo. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iko upande wa mkulima. Hata hivyo, kinga ya kwanza ni mizani. Pasipo na mizani, bei yoyote inayotajwa kwa gunia si bei kamili.

Jambo lingine la kuulizia ni ushuru wa mazao. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilitangaza kuondoa ushuru huo kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia 15 yanavuka kiwango hicho, magunia sita hayavuki. Mwenye mzigo aulize utaratibu uliopo katika ofisi ya halmashauri kabla ya kupakia, na siyo kizuizini.

HATUA YA NNE: UZITO KABLA YA ALAMA

Fedha si jambo pekee. Kaya ya mfano imetaja vigezo vinne: fedha itakayobaki, usalama, yaani kukwepa hatari ya bei kushuka, wadudu na wizi, akiba ya chakula iwapo mvua za vuli zitagoma, na wepesi wa kazi. Uzito wote ni 10, na unagawanywa kati ya vigezo hivyo kwa kadiri kaya inavyovithamini.

Kanuni moja haina mjadala: uzito uandikwe kabla alama hazijatolewa. Anayetoa alama kwanza huona mapema njia ipi inaongoza, kisha mkono wake huanza kuongeza uzito mahali panapoisaidia njia aliyoipenda tangu mwanzo. Jedwali la namna hiyo limegeuka hati ya kuhalalisha tamaa.

Kaya inaamua: fedha 4, usalama 3, akiba 2, wepesi 1.

Kisha kila njia hupewa alama kuanzia 1 (hafifu) hadi 5 (nzuri sana) kwa kila kigezo, na alama huzidishwa kwa uzito.

JEDWALI

Fedha (uzito 4)
Kijijini: alama 1, jumla 4
Korogwe: alama 2, jumla 8
Kugawanya: alama 5, jumla 20

Usalama (uzito 3)
Kijijini: alama 5, jumla 15
Korogwe: alama 4, jumla 12
Kugawanya: alama 2, jumla 6

Akiba ya chakula (uzito 2)
Kijijini: alama 1, jumla 2
Korogwe: alama 1, jumla 2
Kugawanya: alama 5, jumla 10

Wepesi wa kazi (uzito 1)
Kijijini: alama 5, jumla 5
Korogwe: alama 3, jumla 3
Kugawanya: alama 2, jumla 2

JUMLA KUU: Kijijini 26, Korogwe 25, Kugawanya 38.

KUSOMA MATOKEO

Kugawanya kumeongoza kwa alama 12. Tofauti ya namna hiyo kati ya jumla inayoweza kufika 50 ina maana. Lakini tofauti ya alama moja kati ya kijijini na Korogwe haina maana yoyote. Alama ni makadirio ya binadamu, na aliyeandika 4 angeweza siku nyingine kuandika 3. Jumla zinapokaribiana kiasi hicho, jibu sahihi ni kwamba njia hizo zinalingana, na mkulima anaweza kuchagua iliyo rahisi bila kujilaumu.

Kabla ya kuliamini, jedwali lijaribiwe kwa namna mbili.

Jaribio la kwanza ni kuondoa uzito wote na kujumlisha alama tupu. Kijijini inapata 12, Korogwe 10, kugawanya 14. Mpangilio wa mshindi haukubadilika. Jaribio hili lina msingi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Robyn Dawes, alichapisha makala akionyesha kwamba kujumlisha vigezo kwa kanuni rahisi, hata vikipewa uzito sawa, mara nyingi hukisia matokeo vizuri zaidi kuliko mtaalamu anayeamua kwa kichwa tu. Nguvu kubwa ya jedwali iko katika kuvitaja vigezo vyote na kutosahau hata kimoja. Kubishana kama uzito uwe 3 au 4 huja baadaye.

Jaribio la pili ni kutafuta mahali jibu linapogeuka. Uzito ukibadilishwa kuwa fedha 3 na usalama 4, kugawanya bado kunaongoza kwa 35 dhidi ya 30 za kijijini. Ukibadilishwa tena kuwa fedha 2 na usalama 5, kijijini inapata 34 na kugawanya 32. Hapo jibu limegeuka.

Mabadiliko hayo si mchezo wa namba. Kaya yenye uzito wa pili ipo katika kila kitongoji. Ni ya mama mjane ambaye nyumba yake haina chumba kinachofungwa kwa kufuli, au ya mzee anayeishi peke yake na hana wa kumsaidia kuyatazama magunia. Kwa kaya hiyo kuuza mapema kwa mizani ya haki ni uamuzi mzuri, hata kama jirani aliyeweka atapata zaidi Desemba. Majirani wawili wenye mahindi sawa na bei sawa wanaweza kufikia majibu tofauti, na wote wawili wakawa sahihi.

BEI YA MPAKA

Sehemu dhaifu kuliko zote katika jedwali ni ile bei ya Desemba. Bei ya leo imeonekana kwa macho. Bei ya Desemba ni matarajio tu. Kwa hiyo mkulima asijiulize tu bei itakuwa ngapi, maana hakuna ajuaye. Ajiulize: bei ikishuka hadi wapi, nitakuwa nimepata hasara kwa kuweka?

Hesabu yake ni fupi. Kuuza yote kijijini kunatoa sh. 750,000. Kugawanya kunatoa sh. 315,000 za Korogwe, kutoa sh. 45,000 za mifuko, yaani sh. 270,000. Zinapungua sh. 480,000, ambazo lazima zitokane na magunia 8.7. Gawanya, na jibu ni kama sh. 55,200 kwa gunia. Hiyo ndiyo bei ya mpaka. Desemba ikileta bei iliyo juu ya hapo, kugawanya kumeshinda kuuza kijijini. Ikileta bei ya chini, kumeshindwa. Ili kushinda njia ya kupeleka yote Korogwe, bei ya Desemba inatakiwa ifike kama sh. 62,100.

Bei ikianguka hadi sh. 52,000, aliyegawanya atamaliza na sh. 722,400. Amepoteza sh. 27,600 ukilinganisha na aliyeuza yote Agosti. Ikifika sh. 76,000, amepata zaidi kwa sh. 181,200. Kwa kaya ambayo tayari imelipa deni, hatari ya kupoteza elfu ishirini na saba ili kupata laki moja na themanini inabebeka. Kwa kaya iliyoweka yote huku ikidaiwa, isingebebeka.

Mambo yanayoweza kuivuta bei chini yanajulikana, na mwenye akiba anatakiwa ayafuatilie. La kwanza ni mvua za vuli zikianza vizuri mwezi Oktoba: wenye akiba huanza kufungua magunia wakitarajia mavuno mapya. La pili ni mahindi ya mikoa ya kusini na nyanda za juu, ambayo huja kwa malori pale bei ya kaskazini inapopanda. La tatu ni mpaka wa Kenya. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kwenda nje. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Kila mara mlango huo unapofungwa ghafla, aliyekuwa akingoja bei ya mwisho hujikuta na magunia bila mnunuzi.

Kwa sababu hiyo kusubiri kuwe na tarehe ya mwisho. Mwenye kuweka hadi Desemba asivutike hadi Februari kwa kuwa bei imepanda kidogo. Februari mahindi ya vuli huwa sokoni, na mnunuzi ana pa kuchagua.

ALAMA YA USALAMA INAWEZA KUPANDISHWA

Alama ya 2 iliyotolewa kwa usalama wa kugawanya haikuandikwa kwenye jiwe. Sehemu yake kubwa inatokana na wadudu, na wadudu wanazuilika.

Adui mkubwa ni dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima humwita skania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kusambaa sehemu nyingine za nchi. Mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi bila dawa anaweza kuyageuza unga ndani ya miezi michache. Mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, humnyima hewa hadi afe, bila dawa yoyote. Lakini mfuko huo hauponyi mahindi mabichi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Yakifungwa yakiwa na unyevu mwingi yataota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu.

Asiye na kipimo cha unyevu atumie chupa kavu ya kioo. Atie chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, ajaze mahindi hadi theluthi moja ya chupa, aifunge, aitikise kwa dakika chache na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuwekwa.

Mkulima aliyekausha vizuri, mwenye mifuko mizima na chumba kinachofungwa, anaweza kujipa alama 3 badala ya 2. Jumla ya kugawanya itapanda kutoka 38 hadi 41. Hivyo jedwali humwonyesha pia mahali pa kuweka nguvu ili njia anayoipenda iwe bora zaidi.

NANI AJAZE KARATASI

Mahindi ni mali ya kaya nzima, lakini mara nyingi mmoja tu ndiye anayezungumza na mchuuzi. Ugomvi wa "nani alikwambia uuze" huanzia hapo. Njia nzuri ni mume na mke kila mmoja aandike uzito wake kwenye karatasi yake bila kumtazama mwenzake, kisha karatasi ziwekwe pamoja. Mara nyingi itaonekana kwamba mmoja ameipa fedha uzito wa 6 na akiba ya chakula 0, na mwingine ameipa akiba 5. Tofauti hiyo ilikuwepo kabla ya karatasi, isipokuwa ilikuwa haijatamkwa. Ni nafuu kuizungumza mezani Julai kuliko kuigundua Novemba mtungi ukiwa mtupu.

Jedwali lina mipaka yake. Si la kuamulia ununue chumvi ya duka gani. Muda wa kuliandika una thamani kuliko tofauti ya bei. Halifai pia pale namba zenyewe ni za uvumi. Aliyesikia kwenye basi kwamba Korogwe gunia ni sh. 70,000 apige simu kwa watu wawili walioko sokoni siku hiyo kabla ya kuiandika.

MUHTASARI WA SOMO

Kwanza, tenga chakula na deni. Hayo ni masharti, hayapewi alama.

Pili, andika njia zote, na uulize kama mzigo unaweza kugawanywa.

Tatu, hesabu kwa kilo na kwa fedha inayobaki mkononi baada ya gharama.

Nne, andika uzito kabla ya alama.

Tano, jaribu kuondoa uzito, kisha tafuta mahali jibu linapogeuka. Jumla zikikaribiana, zihesabu kuwa zinalingana.

Sita, kwa mahindi unayoyaweka, jua bei ya mpaka na tarehe ya mwisho ya kusubiri, na uziandike zote mbili mahali pa kuonekana, hata ukutani juu ya magunia yenyewe.

Karatasi hiyo itunzwe. Msimu ujao, bei halisi ya Desemba iandikwe pembeni ya ile iliyotarajiwa. Baada ya misimu mitatu au minne kaya itakuwa na kumbukumbu yake yenyewe ya bei za Mashewa, na mchuuzi atakaposema lori halirudi wiki hii, mwenye mahindi atakuwa na kitu cha kutazama kabla ya kujibu.